Dakika saba za kumkumbuka mama, na karatasi yangu bado nyeupe

Shangazi, shikamoo.

Mama yetu alifariki miezi miwili iliyopita. Mazishi yalikwenda haraka, na wasifu uliosomwa siku ile ulikuwa wa tarehe tupu: kuzaliwa, kubatizwa, kuolewa, kuajiriwa, kustaafu, kuugua. Sasa kanisa lake limepanga ibada ya kumbukumbu, na ndugu zangu wamenitwika mimi, kitinda mimba, nizungumze kwa niaba ya watoto. Nimepewa dakika saba. Zimebaki wiki tatu na sijaandika hata mstari mmoja.

Mama alikuwa nesi kwa miaka 34. Baba alitangulia nikiwa na miaka 6, akamwacha na watoto wanne. Alitulea na kutusomesha sote kwa mshahara ule ule. Kanisani alikuwa mtu wa kutegemewa: kwaya, umoja wa akina mama, kutembelea wagonjwa majumbani hata siku zake za mapumziko, mtu ambaye kutwa nzima ya kazi alishinda na wagonjwa. Hayo ni kweli na siyapingi.

Tatizo limeanza na rasimu aliyonitumia kaka mkubwa, eti inisaidie. Inasema mama alikuwa mcha Mungu, mnyenyekevu, mpole, mchapakazi, mwenye upendo kwa wote, asiyejua kukasirika. Shangazi, mama alijua kukasirika! Alikuwa na namna ya kukutazama kwa juu ya miwani, kimya, mpaka unakiri hata kosa ambalo hajalijua. Nimeisoma rasimu ile mara kumi na sijamwona mama humo.

Nikijaribu kuikumbuka sauti yake, ya kwanza kunijia si sala wala wimbo. Ni "Usiniguse kwanza." Alikuwa akirudi kutoka zamu ya usiku wakati sisi tunajiandaa kwenda shule. Mimi namkimbilia mlangoni, yeye ananyoosha kiganja kama askari anayesimamisha magari: "Usiniguse kwanza." Anavua viatu nje, anapita moja kwa moja kwenda kunawa mpaka kwenye viwiko, anabadili nguo. Akimaliza, mara nyingi mimi nimeshaondoka. Leo najua sababu. Mtoto wa miaka 7 hajui.

Na kuna jambo la sweta. Nilipokuwa na miaka 11 nilipewa kuimba peke yangu ubeti wa kwanza kwenye ibada ya mkesha wa Krismasi. Mama aliniahidi kuja. Nikamwekea nafasi safu ya pili, nikatandika sweta langu juu ya kiti ili mtu asikikalie. Sweta lilikaa pale mpaka baraka za mwisho. Aliyekuwa ampokee zamu hakutokea, mama akabaki wodini. Hatukuwahi kulizungumzia. Nina miaka 41 na bado naliona lile sweta. Nilipomgusia dada kwamba nafikiria kulitaja, alisema nitamwaibisha mama mbele ya madhabahu.

Wiki yake ya mwisho tulikuwa tunapokezana kukaa naye. Usiku mmoja nilimshika kifundo cha mkono kama vile napima mapigo. Akafungua jicho moja. "Unahesabu pumzi wewe. Nakujua." Ni yeye aliyenifundisha nikiwa mdogo: mgonjwa hamwambii kwamba unahesabu pumzi zake, maana akijua ataanza kuzipanga, unamshika mkono kama unapima mapigo, huku jicho lako liko kifuani. Tulicheka wote wawili. Hakucheka tena baada ya hapo.

Katika kugawana vitu nimepata saa yake, ile ya kubandika kifuani inayoning'inia kichwa chini, na Biblia yake. Pambizoni mwa Zaburi kumejaa maandishi ya penseli: K4, K11, K7 usiku. Ilinichukua siku mbili kung'amua kwamba K ni kitanda. Zaburi ya 121 haina tena pa kuandika. Tumekuta pia daftari lake la jalada gumu, la miaka ya nyuma sana, lenye majina ya wagonjwa, maradhi yao, akina mama aliowazalisha na yaliyowapata. Kaka anataka lifunguliwe na kuwekwa mezani siku ya ibada, kando ya sare na cheti, watu walione. Mimi moyo unasita, ila sijui kwa nini.

La mwisho ndilo linaloninyima usingizi. Mimi sisali tena. Miaka tisa sasa, kanisani naingia kwa harusi na misiba tu. Mama alijua. Hakuwahi kunihubiria; akinipigia simu aliuliza tu, "Unalala vizuri?" Sasa nisimame mimi mbele ya waumini wenzake nisifu imani yake? Si unafiki huo? Au nimwachie kaka asome rasimu yake yaishe?

Siku ya mazishi mama mmoja nisiyemfahamu alinishika mkono akasema mama alikaa naye usiku kucha alipompoteza mtoto wake. Natamani kulisema hilo pia, lakini hata jina lake sikumuuliza.

Kitinda Mimba

Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Umeniandikia kunilalamikia kwamba huna la kusema, na ndani ya malalamiko hayo hayo nimekutana na mama yako. Namjua sasa hata jinsi anavyotazama kwa juu ya miwani. Rasimu ya kaka mrudishie kwa heshima, mwambie umeisoma. Usimkejeli, wapo watu ambao uchungu ukiwazidi hukimbilia maneno makubwa, na huenda ndiyo namna yake ya kulia. Lakini usiisome pale mbele.

Niliwahi kukaa kwenye ibada ya namna hiyo, ya mzee mmoja wa ukoo wetu. Sifa zilisomwa robo saa nzima. Mjukuu wake, mtoto wa miaka minane, akaniinamia sikioni: "Huyo ni babu gani?" Aliuliza kwa dhati kabisa. Babu aliyemjua yeye alikoroma, alimwibia kwenye karata na alificha peremende kwenye mfuko wa koti. Huyo hakutajwa hata mara moja.

Kwa kuwa mtakuwa kanisani, kaka yako hawezi kubishana na Matendo ya Mitume. Fungueni sura ya 9, habari za Dorkasi wa Yafa. Amekufa, ameoshwa, amelazwa orofani, na Petro ameitwa. Mwandishi anampa sentensi moja tu ya sifa, kwamba alijaa matendo mema na sadaka, kisha anawaachia wajane uwanja. Wajane wanafanya nini? Wanasimama karibu na Petro wakilia, na kumwonyesha kanzu na nguo ambazo Dorkasi aliwashonea alipokuwa nao. Wasifu wao ni huo. Nawaona kabisa wakivuta pindo za nguo walizovaa, huyu akionyesha mshono, yule akionyesha kiraka. Na wewe simama hivyo hivyo, onyesha nguo. Unazo tele: kiganja kilichonyooshwa mlangoni, jicho moja lililofunguka usiku, K7 ya penseli, "Unalala vizuri?"

Ungekuwa karibu ningekushika bega nikuambie: anza na "Usiniguse kwanza." Yawe ndiyo maneno yako ya kwanza kabisa, kabla hata ya kuwasalimu wageni waalikwa. Wauguzi watakaokuwepo watainua vichwa mara moja, na watoto wa wauguzi watashusha vyao.

Na waeleze wasiojua. Mwaka 1847, katika hospitali moja ya Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliona akina mama wanakufa kwa homa ya uzazi kwa wingi zaidi katika wodi waliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao kuliko katika wodi ya wakunga. Madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuingia moja kwa moja kwa wazazi. Aliwaamuru wanawe mikono kwa maji yenye klorini, na vifo vikashuka sana. Wenzake wengi hawakupenda kuambiwa kwamba mikono yao ndiyo iliyoua, na alikufa kabla dunia haijamkubali. Kila nesi anayenawa mpaka kwenye viwiko anaendeleza hoja ya mtu yule. Mama yako aliiendeleza saa 1 asubuhi, akiwa hajalala, mbele ya mtoto aliyetaka kukumbatiwa.

Ukishaeleza hivyo, nyamaza. Usiongeze "baadaye nikatambua kwamba ule ulikuwa upendo." Waliokaa pale wana akili zao. Tena ukiongeza utamdhulumu yule mtoto wa miaka 7, ambaye kweli alienda shule bila kukumbatiwa. Mchukue naye mbele, asimame pembeni yako.

Sasa sweta. Hapa mimi na dada yako hatukubaliani, ingawa naelewa anachokiogopa. Anaogopa utafungua kesi ambayo mshtakiwa wake hawezi kujibu, na akiwa hivyo basi ana haki. Kwa hiyo jipime kwanza. Tafuta mtu mmoja unayemwamini, msimulie habari ya sweta ana kwa ana. Ukitokwa na machozi, hakuna neno. Ukijisikia sauti inapanda na unaanza kuhesabu na ahadi nyingine zilizovunjwa, basi bado. Kaa uandike barua kwa mama mwenyewe, kurasa ishirini ukitaka, uiweke kwenye Biblia yake. Madhabahuni uende na yale unayoweza kuyabeba bila kumrushia mtu.

Ukiweza kuyabeba, yaseme kwa sentensi nne. Ubeti, kiti, sweta, aliyekuwa ampokee hakutokea. Wote waliowahi kufanya kazi za zamu wanajua maana ya sentensi hiyo ya nne: wodi haiachwi, inakabidhiwa. Unasimama kitanda hadi kitanda na anayeingia, unamwambia nani kala, nani joto limepanda, nani wa kuangaliwa kila nusu saa. Asipokuwepo wa kumkabidhi, unavua koti ulilokwisha kulivaa na kurudi ndani. Mama yako usiku ule alikuwa na watu wawili wanaomngoja, mgonjwa wodini na wewe kanisani, na akachagua. Sitakuambia alichagua vizuri, kwa sababu sikuwepo na wewe ndiye uliyeimba ukitazama kiti. Ninachokijua ni kwamba mama asiyekosekana popote si mama wa mtu yeyote niliyewahi kukutana naye, na waliokaa kanisani wakisikia habari za mtu wa aina hiyo huanza kutazama saa zao.

Sifa zikizidi zinafuta mtu. Mtazame Florence Nightingale, nesi Mwingereza, ambaye kila Mei 12, siku yake ya kuzaliwa, wauguzi duniani wanaadhimisha siku yao. Muulize mtu yeyote atakutajia taa: mwanamke mpole akipita usiku kati ya askari majeruhi. Ni kweli alikwenda kwenye hospitali ya jeshi la Uingereza huko Scutari, Uturuki, mwaka 1854, wakati wa vita vya Crimea, na wauguzi 38, na taa alikuwa nayo. Lakini mwanamke yule alikuwa mkali, mbishi wa kuwaandama mawaziri kwa barua, mtu wa takwimu aliyechora michoro kuonyesha kwamba askari wengi waliuawa na maradhi kuliko na risasi. Mwaka 1858 alichaguliwa kuwa mwanachama wa chama cha wanatakwimu wa Uingereza, mwanamke wa kwanza kuingia humo. Alikuwa pia Mkristo wa dhati. Aliandika kwamba Mungu alimwita akiwa na miaka 16, na akakaa na wito huo miaka mingi familia yake ikimzuia. Taa imebaki, ukali umesahaulika, na bila ule ukali hospitali zingebaki vile vile. Alipofariki mwaka 1910, familia ilikataa kumzika Westminster Abbey, kanisa la London wanakozikwa wafalme na watu mashuhuri, kwa sababu mwenyewe hakutaka makuu. Jiwe lake linasema F.N. na tarehe mbili, basi. Herufi mbili, karibu kama zile za mama yako pambizoni.

Kwa hiyo ukimtaja mama yako kwamba alijua kukasirika, utakuwa umemrudishia kitu chake. Lile jicho la juu ya miwani, nina hakika, kuna daktari mwanafunzi lilimfanya aende kunawa mikono mara ya pili.

Nije kwenye daftari, na hapa nitasema kwa sauti ya juu kidogo: lisiwekwe mezani. Lisifunguliwe, lisipigwe picha, wala kaka asilisome kwa udadisi. Moyo wako umesita kwa sababu umelelewa na nesi. Wajibu wa kutunza siri ya mgonjwa hauzikwi pamoja na aliyeitunza. Kile kiapo maarufu cha wauguzi kinachoitwa kwa jina la Nightingale (hakukiandika yeye, kiliandikwa Detroit, Marekani, mwaka 1893 na kamati iliyoongozwa na Lystra Gretter) kinaanza kwa kuapa mbele za Mungu, na ndani yake nesi anaahidi kutunza siri zote alizokabidhiwa pamoja na mambo ya familia aliyoyajua kwa sababu ya kazi yake. Baraza la Kimataifa la Wauguzi nalo lina kanuni zake za maadili tangu mwaka 1953, na usiri umo. Lakini achana na viapo na kanuni, fikiria tu waliokaa kanisani. Mama yako amefanya kazi na kusali mahali pamoja kwa miaka mingi. Mmoja wa wale aliowaandika humo huenda atakuwa safu ya tatu, na mumewe pembeni yake, na maradhi aliyougua zamani zile huenda mumewe hayajui mpaka leo. Meza ya kumbukumbu ya nesi isije ikawa mahali pa kwanza siri aliyoificha maisha yake yote kuvuja.

Mtafuteni mmoja wa matroni waliofanya naye kazi, mumuulize. Kama daftari ni la hospitali, lirudi lilikotoka. Kama lilikuwa lake binafsi, lifungiwe au liharibiwe kwa namna ambayo hakuna karatasi itakayookotwa. Sare na cheti viwekeni, vinatosha. Mkitaka maandishi yake yaonekane, wekeni Biblia.

Maana angalia alichofanya. Alitaka kuwaombea wagonjwa wake, akaogopa kuandika majina yao hata kwenye Biblia yake mwenyewe, ambayo hakuna aliyeisoma ila yeye. Akaandika namba za vitanda. Sijui kama umeona jinsi nesi na muumini walivyokutana pale katika herufi moja ya K. Kama ningekuwa na dakika moja tu ya kumsema, ningesema hiyo. Na ningewasomea namba, tano au sita, polepole, zikifuatana, kama ripoti ya zamu. Zaburi ya 121 ni ile ya mlinzi asiyesinzia wala kulala. Haishangazi kwamba mtu wa zamu ya usiku aliijaza mpaka pakakosa nafasi. Nadhani alikuwa anamkabidhi wodi.

Hapo ndipo ninapokujibu kuhusu unafiki. Ungeambiwa uhubiri, ningekushauri ukatae. Umeombwa useme ulichokiona. Shahidi haulizwi anasali wapi; anaulizwa alikuwepo? Ulikuwepo. Umeziona namba. Sema "mama aliamini", kwa sababu aliamini, na usiseme "sisi tunaamini" kama wewe hauko katika hiyo "sisi". Hakuna atakayegundua neno ambalo hukulisema, na wewe utashuka pale ukiwa mzima. Ukikaribishwa kuomba, pisha kaka. Hiyo ndiyo kazi yake, na huenda ikampoza kuhusu rasimu.

Wala usidhani mama yako alishindwa kukuhubiria. Mtu aliyehesabu pumzi za watu kwa miaka 34 bila wao kujua, akimpigia simu mtoto wake na kumuuliza kama analala vizuri, alikuwa anakusikiliza jinsi unavyovuta pumzi kabla ya kujibu. Sina ushahidi. Ila jicho moja lilifunguka kukuambia "Nakujua", na nesi hasemi hivyo kwa mtu ambaye hajamsoma chati yake.

Yule mama wa mazishini, mtafute. Waulize akina mama wa umoja, watamjua ndani ya siku mbili. Mwombe ruhusa, na umpe nafasi ya kukataa bila kujieleza. Akikubali, muulize kama angependa kusema mwenyewe, hata sentensi mbili akiwa amekaa. Akikataa, yale maneno uliyopewa ni yako, kaa nayo. Usiyaseme hata bila jina; watu wa kanisa moja huunganisha mambo haraka kuliko polisi.

Kuhusu ndugu zako, usiwapelekee maandishi yote kwa wakati mmoja, watayachana kama wanafunzi wanaosahihisha mtihani wa mwalimu. Anza na dada. Msomee la sweta tu, ana kwa ana, kabla ya mwingine yeyote. Na umuulize yeye anakumbuka nini. Nina wasiwasi mdogo kwamba kati ya watoto wanne hakuna asiyekuwa na kiti chake kitupu mahali fulani, na kwamba anayetaka vifunikwe zaidi ndiye aliyevihesabu. Akikupa chake, kiingize, maana unazungumza kwa niaba ya wote. Akiomba kabisa kabisa la sweta liachwe, liache. Ana mama mmoja naye, na wiki tatu hazitoshi kugombana na kupatana.

Andika kwa maneno unayoongea nayo. Neno kama "marehemu" lisizidi mara moja. Huyo ni mama. Usitaje kila cheo na kila semina, zile tarehe zilisomwa mazishini zikaisha. Soma kwa sauti ukiwa umesimama, siyo kitandani, na ukifika penye uzito weka alama ya kunywa maji. Ukilia, lia. Yesu alilia akielekea kaburini kwa rafiki yake Lazaro, mbele ya watu, na alikuwa anajua atakachokifanya dakika chache baadaye. Mpe kaka nakala ya karatasi akae mbele; ukishindwa kabisa, aje amalizie pale ulipoishia, kama wanavyopokezana zamu.

Kitu kimoja cha mwisho, kidogo. Siku hiyo bandika saa ya mama kifuani. Iliundwa ining'inie kichwa chini ili mikono ya nesi ibaki huru na aisome yeye tu kwa kuinamisha macho. Wote watakaokutazama wataiona imepinduka. Ukiinama kidogo kuitazama utaona dakika zimebaki ngapi, na hakuna atakayejua kwamba unahesabu.

Shangazi